Stika za Bendi ya Mwanangu

Nataka kuwaeleza wasomaji wenzangu jambo lililonipata mwaka 2023.

Mimi ni mzee wa kijiji kimoja cha Tabora. Kwa miaka mingi kazi yangu ilikuwa kuandika mabango: majina ya maduka, maneno ya nyuma ya malori, na vibao vya shule. Nalishika brashi, sikushika kompyuta. Basi jioni moja mwanangu wa mwisho, apigaye gitaa katika bendi ya dansi pamoja na vijana wenziwe watano, alinijia akaniamkia, akasema, "Baba, twataka stika za kutangaza bendi yetu. Tutazibandika kwenye bodaboda, kwenye mabasi na kwenye milango ya maduka. Tunaomba utuchoree wewe."

Nawaambieni kweli, nalifurahi mno. Kijana huyu na mimi hatukuwa tukielewana vizuri tangu alipoacha useremala kwa ajili ya gitaa. Sasa alikuwa ananihitaji.

Siku ile ile nikatwaa penseli. Nikaandika jina la bendi, nikachora gitaa, ngoma na tarumbeta, nikaongeza majina ya vijana wote sita, siku za dansi, na nambari ya simu. Mwanangu akaibandika karatasi kwenye mwembe, akanirudisha nyuma hatua kumi. "Baba, soma." Sikuweza kusoma hata jina. Kumbe bango huwa kubwa kama mlango, lakini stika yetu ilikuwa ya sentimita 10 kwa 7 tu!

Ndipo aliponionyesha katika simu yake alama ya bendi ya Uingereza iitwayo Rolling Stones: midomo myekundu na ulimi uliotolewa nje. Ilichorwa mwaka 1970 na mwanafunzi wa sanaa mjini London, John Pasche, naye akalipwa pauni 50. Mwaka 2008 jumba la makumbusho la Victoria and Albert, mjini humo humo, liliununua mchoro wake wa asili. Hauna neno hata moja, na watu wa nchi nyingi huutambua. Ulimi ule sikuupenda, lakini maana yake niliielewa.

Nikafuta. Nikabakiza ngoma moja, jina la bendi kwa herufi nene nyeusi juu ya rangi ya manjano, na chini kabisa nambari ya simu.

Mjini, kijana mchapaji alinifundisha mengi. Aliutaka mchoro wenyewe, wala si picha iliyotumwa kwa simu, maana simu huibana picha, nayo ikikuzwa hupoteza kingo zake. Alisema manjano ivuke mstari wa kukatia kwa milimita 3 kila upande, ili kisu kikiyumba pasibaki ukingo mweupe. Tena alishauri plastiki badala ya karatasi, kwani karatasi ikinyeshewa hulowa na kuchanika. Tukapatana stika 300, shilingi 300 kila moja, yaani shilingi 90,000. Hizo zilikuwa fedha za dansi tatu za vijana wale.

Kisha akanipa moja ya mfano. "Mzee, soma yote, halafu utie sahihi." Miwani yangu ilikuwa nyumbani. Nikaona haya kusema. Mtu aliyeandika herufi miaka arobaini, aombe kusomewa? Nikatia sahihi.

Niliporudi, mwanangu alifungua bahasha akanyamaza. Nambari ya simu ilikuwa na tarakimu moja ya makosa. "Mchapaji ametuharibia!" akasema. "Kesho nakwenda kudai fedha zetu." Wenziwe wakaitikia kwa hasira. Nami, Mungu anisamehe, nikanyamaza. Ilikuwa rahisi mno: mchapaji hayupo, na mimi ni baba.

Usiku sikulala. Niliwasha taa, nikavaa miwani, nikautazama mchoro wangu. Mahali pa 9 niliandika 6 kwa mkono wangu mwenyewe. Kabla jua halijachomoza nikabisha mlango wa mwanangu. "Kosa ni langu," nikamwambia. "Niliandika vibaya, tena nikatia sahihi bila kusoma."

Nilingoja lawama. Yeye akaketi kizingitini, akasema, "Baba, usingalisema, leo ningalimtukana mtu asiye na kosa." Kisha akaomba rula na wembe.

Kutwa nzima tulikaa chini ya mwembe, sisi na vijana wale, tukikata ukingo wa chini wa stika zote 300. Ikabaki ngoma na jina tu, nazo zikasomeka vizuri kuliko kwanza. Kabla ya mavuno, watu wa kijiji cha pili walimwuliza mwendesha bodaboda, "Ngoma hii ni ya nani?" Naye akawaleta hata kwetu. Wakaagiza bendi ipige harusini.

Wazee wenzangu, stika husema mahali ambapo wewe hupo, nayo haiwezi kujisahihisha. Usione haya kusema, "Nisomee." Siku hizi mimi nachora nimevaa miwani, na mwanangu husoma baada yangu, tarakimu moja moja, kwa sauti.