Kinyama, Uvimbe na Saratani

Tukijadili istilahi darasani, huwa tunadhani ni mambo ya kamusi tu. Mwaka jana niliona kwamba neno moja linaweza kumrudisha mgonjwa hospitalini au kumzuia nyumbani.

Shangazi yangu, muuza ndagala hapa Gatumba, alikuwa akipata choo chenye damu. Mjini Bujumbura daktari alimpima kwa mpira mwembamba wenye taa na kamera, akakuta polipu katika utumbo mpana, akaikata papo hapo na kuipeleka maabara. Maelezo yote yalikuwa ya Kifaransa. Nyumbani polipu ikawa "uvimbe", na kabla jua halijatua majirani walikuwa wakisema "kansere". Shangazi akakataa kufuata majibu. "Nirudi kuambiwa nakufa?" aliuliza.

Polipu ni kinyama kinachoota kwenye ukuta wa ndani wa utumbo. Vingine havina madhara. Vingine, viitwavyo adenoma, vinaweza kugeuka saratani, lakini kwa kawaida huchukua miaka mingi, mara nyingi 10 au zaidi. Kukiondoa mapema ni kuizuia saratani yenyewe.

Kazi ngumu ni kuvitofautisha. Katika miaka ya 1990 daktari Mjapani, Shin-ei Kudo, alionyesha kwamba vitundu vidogo vilivyo juu ya kinyama, vikikuzwa, hujipanga tofauti kulingana na aina yake. Baadaye vikaja vifaa vinavyomulika utumbo kwa mwanga wa buluu na wa kijani tu, wa nanomita 415 na 540 hivi. Damu hufyonza mwanga huo, hivyo mishipa midogo huonekana myeusi kuliko sehemu nyingine. Kwa kuwa adenoma huwa na mishipa mingi, hujitokeza kwa rangi ya kahawia, na daktari huweza kuikisia aina yake kabla ya maabara kuithibitisha.

Kwa nini Kiswahili chetu hakina jina la kinyama hicho? Denis Burkitt, daktari mpasuaji aliyefanya kazi Uganda kwa miaka mingi, aliandika mwaka 1971 kwamba saratani ya utumbo mpana ilikuwa adimu kwa Waafrika, akataja vyakula vyao vyenye nyuzinyuzi nyingi kuwa sababu. Huenda kisichoonekana hakikuhitaji jina. Leo kinaonekana.

Nilimweleza shangazi hivi: "Shangazi, hicho ni kinyama, kama zile nyama za puani. Kuna cha kuachwa na kuna cha kung'olewa kabla hakijaharibika. Chako kimeshang'olewa, majibu yatasema kilikuwa kipi." Alinyamaza, kisha akauliza, "Kumbe viko vya namna mbili?" Jumatatu tukaenda. Kilikuwa adenoma, hakikuwa na saratani, na akapewa tarehe ya kurudi kukaguliwa tena.

Wataalamu wamehangaika kutafuta mwanga unaotenganisha kinyama na kinyama. Sisi tukivitia vyote katika kapu moja la "uvimbe", mgonjwa hataipata tofauti hiyo hata mashine ikiiona. Napendekeza tuseme "kinyama cha utumbo" kwa polipu, na neno "saratani" tuliache mpaka maabara ilitamke.