Kasia la Majaliwa

Kabla meli hazijatia nanga Kemondo, Wahaya walikwisha kumjua Mugasha, bwana wa ziwa na dhoruba. Walimjua wakamwogopa, kwani ziwa humlisha mtu asubuhi, na jioni likamdai.

Tarehe 21 Mei 1996 lilidai kwa wingi. MV Bukoba, iliyoondoka Bukoba ikapakia abiria wengine Kemondo, ilipinduka ikikaribia Mwanza. Iliruhusiwa kuchukua abiria 430. Waliokufa walihesabiwa kwa mamia kadhaa. Waliobaki ndani waligonga bati wakiomba kutolewa. Tundu lilipotobolewa ili waokolewe, hewa ikatoka na chombo kikazama. Siku ile haikukosekana huruma, ulikosekana ujuzi.

Miaka 26 baadaye, asubuhi ya tarehe 6 Novemba 2022, ndege ya Precision Air iliangukia ziwani karibu na uwanja wa ndege wa Bukoba, ikiwa na watu 43. Waliowahi kufika ni wavuvi, na miongoni mwao kijana Majaliwa Jackson. Kwa maelezo yake, aliupiga mlango wa nyuma kwa kasia hadi ukafunguka. Kisha akapiga mbizi upande wa marubani na kamba mkononi; kamba ikakatika, ikampiga usoni, naye akazindukia hospitalini. Watu 24 walinusurika. Waliokufa ni 19, marubani wote wawili wakiwemo.

Baadaye watu walibishana ni nani hasa aliyeufungua mlango ule. Lisilo na ubishi ni kwamba mitumbwi ilifika mwanzo.

Kijana huyo hakuwa na kocha wala medali. Alikabidhiwa shilingi milioni 1, na Rais Samia Suluhu Hassan akaagiza achukuliwe na Jeshi la Zimamoto na Uokoaji, apewe mafunzo. Aliyelitangaza agizo hilo mbele ya waombolezaji, katika Uwanja wa Kaitaba, ni Waziri Mkuu wa wakati huo, Kassim Majaliwa. Jina lilikuwa moja: huyu ana dola, yule ana kasia.

Kumtoa mvuvi mtumbwini na kumvika sare ya uokoaji ni heshima anayoistahili. Lakini heshima hiyo ilimfikia mmoja, na ilifika baada ya mazishi. Vijiji vya ufukwe ule, tangu Bukoba hadi Muleba, havikosi waogeleaji hodari. Wanachohitaji ni mwalimu, kifaa cha kupumulia chini ya maji, na kamba isiyokatika. Navyo viwafikie mapema, ziwa likiwa bado limetulia.