Simu Tatu za Kuka

Kitu cha kwanza kuchukuliwa ilikuwa simu. Kiondo kilipitishwa kutoka kwa mtu hadi mtu kama kapu la sadaka, kila mmoja akatumbukiza yake. Tulikuwa watu 14. Mimi niliizima yangu, nikaiwasha tena kuona kama kuna aliyenitafuta, nikaizima, kisha nikaiweka juu kabisa ya zingine ili nikiitaka niione haraka. Msichana aliyekuwa nyuma yangu akacheka. Hayo ndiyo yalikuwa mazungumzo yetu ya mwisho mpaka Jumapili.

Tulikuwa kwenye shamba moja nje ya mji wa Kitale, mwezi wa Agosti, mahindi yakiwa yamempita mtu kimo. Asubuhi, kabla mawingu hayajashuka, unauona Mlima Elgon umelala pale kama mtu aliyejifunika blanketi. Sisi Wabukusu tunauita Masaba. Nimekulia upande wake wa chini, Bungoma, na sidhani kama nilishawahi kuutazama zaidi ya dakika moja.

Kilichonipeleka ni kukosa usingizi. Kazi yangu Nairobi ni kupokea simu za wateja. Mtu analia pesa yake imepotea, mwingine anatukana, na wewe unatabasamu tu maana ati tabasamu linasikika. Zamu inaisha lakini masikio hayajui imeisha. Usiku nasikia mlio, naamka, hakuna kitu. Rafiki yangu akaniambia kuna mafungo ya kutafakari, ya Kibuddha, siku mbili, unakaa tu kimya.

"Kwa hivyo nilipe pesa ndiyo ninyamaze?"

"Eeh."

Nikalipa.

Mama nilimwambia naenda semina ya kazi. Uongo wangu haukufika Nakuru. Tukiwa bado barabarani ujumbe wake ukaingia: "Mwanangu, hao si ndio wanaabudu sanamu?" Sikujibu.

Hakukuwa na sanamu. Kulikuwa na mikeka, blanketi na kengele ndogo ya shaba. Mwalimu alikuwa Mkenya mpole mwenye sweta iliyotoboka kiwiko. Alikuwa amekaa na watawa karibu na Entebbe, kwenye kituo ambacho Bhante Buddharakkhita alikianzisha mwaka 2005. Huyo Bhante ni Mganda aliyekutana na Ubuddha akiwa mwanafunzi India, akawa mtawa, akarudi nyumbani. Nilipenda hiyo sehemu ya kurudi nyumbani.

Masharti yalikuwa machache. Hakuna kuongea. Hakuna kula baada ya saa sita mchana. Hakuna kuua kiumbe chochote, hata mbu. Kitale ni baridi, lakini kuna mbu mmoja ambaye hakuwa ameambiwa. Alikaa kwenye paji la uso wangu akashiba, akaenda zake, nami nikiwa nimekunja miguu na mikono imetulia mapajani kama mtu mwema.

Kazi yenyewe ni kufuata pumzi. Inaingia, inatoka. Ukigundua mawazo yamekupeleka kwingine, unarudi bila kujigombeza. Inasikika rahisi. Kwa saa ya kwanza nilifuata pumzi labda mara nne. Muda uliobaki nilikuwa nahesabu kodi ya nyumba, najibu ugomvi wa mwaka juzi, naimba tangazo la sabuni. Miguu ilikufa ganzi. Tumbo la jamaa mmoja lilinguruma kama lori linapanda mlima, na mabega ya chumba kizima yakatikisika kwa kicheko kisicho na sauti.

Nikamkumbuka Mama, nikaona kichekesho cha mambo. Sisi kwetu ni Quaker, au Marafiki kama tunavyojiita. Quaker wa kwanza kule Uingereza, karne ya 17, walikuwa wakikutana na kukaa kimya wakimngoja Roho. Hiyo ndiyo ilikuwa ibada. Waliotuletea dini hiyo Kaimosi mwaka 1902 walitoka Marekani, kwenye tawi lililokuwa limeshapokea mahubiri na nyimbo. Leo Kenya ina Quaker wengi kuliko nchi nyingine yoyote, lakini kanisani kwetu mtu akinyamaza dakika mbili, kuna mama ataanzisha pambio. Kimya kilikuwa chetu tangu zamani. Mimi nilipanda matatu kwenda kukitafuta kwa Wabuddha.

Jioni ya Ijumaa mwalimu alieleza neno moja. Kile wanachofanya, alisema, kwa Kipali kinaitwa sati. Watu hulitafsiri kama umakinifu, ni sawa, lakini mzizi wake ni kukumbuka. Nilikasirika kidogo. Mimi nilikuja kusahau.

Jumamosi walitupeleka Saiwa, karibu na Kipsaina. Ndiyo mbuga ya taifa ndogo kuliko zote Kenya, kilomita tatu hivi za mraba, na haina barabara za magari. Unatembea. Ilitengwa mwaka 1974 kwa ajili ya mnyama mmoja hasa, nzohe, swala wa kinamasi mwenye kwato ndefu zinazotanuka ili asizame kwenye matope. Tulitembea kwa mstari, polepole, unyayo baada ya unyayo. Tumbili wenye ndevu nyeupe walituangalia kama wazee wa baraza wanaosubiri tujieleze.

Kwenye jukwaa la mbao juu ya mafunjo tulikaa karibu saa nzima. Ndipo nikamwona nzohe, amesimama ndani ya maji. Nzohe akiogopa hakimbii sana. Anajizamisha, anabakiza pua tu nje, anangoja hatari ipite. Nilimtazama nikafikiri, huyu ni mimi. Na hapo hapo, bila kuitwa, Kuka akaja.

Kuka, babu yangu, alinipigia simu mara tatu Jumanne moja mwezi wa Machi. Nilikuwa zamu. Niliona jina lake likiwaka kwenye kioo nikiwa nambembeleza mteja ambaye hata sura yake siijui. Nikasema nitampigia jioni. Jioni nilikuwa nimechoka kuongea. Jumatano ikapita. Alhamisi alfajiri aliyepiga alikuwa mjomba.

Sikumwambia mtu yeyote. Nilienda Bungoma, nikazika, nikarudi kazini. Siku chache baada ya mazishi, kwa kuwa alikuwa mzee wa heshima, alifanyiwa kumuse. Kwetu kuna msemaji wa kufariji, anatoka kwenye ukoo wenye kazi hiyo. Anatembea katikati ya watu na fimbo yake, anasimulia tulikotoka, anaonya, anaunganisha walio hai. Wakati huo wote watu wanakaa chini. Hakuna kutembeatembea wala kupiga gumzo. Ni kimya kikubwa kuliko chochote nilichokutana nacho Kitale, na kilikuwa uwanjani kwetu. Mimi nilikuwa nimeinua simu, narekodi kwa ajili ya binamu walioko nje. Nina kumuse yote kwenye simu, na sikusikia hata neno moja.

Pale juu ya kinamasi nililia. Hakuna aliyenishika bega au kuniambia pole. Walikaa tu, na nilishukuru.

Jumapili saa sita kengele ilipigwa, watu wakaanza kuongea kwa fujo kama kuku waliofunguliwa. Nilichukua simu yangu kwenye kiondo sikuiwasha. Nikapanda matatu ya Kiminini na Kamukuywa, nikashika njia ya Kimilili, nikashukia Chwele, boda ikanifikisha kwa Kukhu.

Nilimkuta anachambua maharagwe kwenye ungo. Nikakaa, nikaanza kumsaidia.

"Mama yako anasema ulienda kwa watu wa sanamu. Walikufundisha nini?"

"Kukaa, Kukhu."

"Kukaa?" Akanitazama. "Hata kuku anakaa."

Tukacheka. Halafu, macho yakiwa kwenye maharagwe, nikamwambia kuhusu zile simu tatu. Nilimwambia zote, na saa zake, maana bado nazijua. Hakusema kitu kwa muda mrefu. Alitoa kokoto moja, akaitupa, akatoa nyingine.

"Siku ile kuna mtu alikuwa amemwekea salio," alisema mwishowe. "Akapigia kila mtu. Alikuwa anauliza kama kwenu mvua imenyesha, basi. Alitaka salio liishe akiwa anasikia sauti za watu."

Nikashusha pumzi.

"Lakini ungepokea," akaongeza.

"Ndiyo, Kukhu. Ningepokea."

Hakuniambia haidhuru. Nafikiri angeniambia hivyo nisingemwamini, na ningerudi Nairobi na mzigo wangu vilevile. Tuliendelea na maharagwe. Nilisikia punje zikianguka kwenye sufuria, mbuzi nyuma ya nyumba, pumzi ya Kukhu ambayo siku hizi ina mluzi kidogo. Sijui kama hiyo ndiyo sati. Najua nilikuwa pale.

Giza lilipokuwa linaingia niliwasha simu. Haikuchukua dakika mbili ikaita. Ilikuwa Mama.

Nikapokea.