Taa Inawaka, Friji Imekufa

Tuliingia Kisaki usiku, vumbi la kuanzia Mvuha limejaa mpaka puani. Nilikuwa nampeleka mama kwenye msiba wa dada yake, kwa Land Cruiser kuukuu niliyoigeuza chumba: kitanda nyuma, betri ya pili chini yake, taa mbili ndogo na friji. Ndani ya friji mlikuwa na chupa tatu za insulini ya mama, hazijafunguliwa, zinazotakiwa kukaa kwenye nyuzi 2 hadi 8.

Asubuhi friji imekufa. Taa zinawaka, simu inachaji, lakini friji ukiiwasha inaguna kidogo halafu kimya.

Umeme ukikatika wote unajua pa kuanzia. Ukikatika nusu, unakuchezea akili. Nikatazama fyuzi: nzima. Nikapima kwenye soketi ya friji: volti 12.6, yaani betri imejaa. Basi, nikasema, friji ndiyo mbovu. Mama hakubishana. Alizifunga chupa zake kwenye mfuko, akaziweka ndani ya mtungi wa jirani, akauzungushia kanga iliyolowa.

"Hujambo lakini, mama?"

"Sijambo, mwanangu. Shughulika na gari lako."

Nikaitiwa kijana anayetengeneza pikipiki karibu na stesheni ya TAZARA. Alimwamkia mama, akaitazama mita yangu, akacheka. "Hiyo umepima friji ikiwa imezimwa. Waya haujabeba kitu, utakwambia uko fiti tu."

Akatoa balbu kuukuu ya taa ya mbele ya gari, akaichomeka pale pale kwenye soketi. Iliwaka nyekundu, kama kaa la mkaa linalotaka kuzimika. Nikapima tena: volti zimeporomoka. Kisha akavuta waya mrefu kutoka hasi ya betri moja kwa moja hadi kwenye balbu. Ikawaka nyeupe kabisa.

"Chanya haina shida. Ethi ndiyo mbovu."

Tulifuata waya wa ethi hadi bolti iliyofungwa kwenye bodi, chini ya godoro. Kutu tupu. Taa ndogo zinakula umeme kidogo mno, zilipita humo bila taabu. Friji ilipotaka wake, njia ikagoma. Msasa, spana, grisi kidogo juu, dakika kumi. Friji ikanguruma.

Alasiri, jeneza lilipotolewa ndani, mama alisimama pamoja na wanawake wenzake, magoti yakamwisha. Nilidhani ni majonzi. Alikuwa anatetemeka, jasho linamtoka, ananijibu maneno yasiyo na mpangilio. Nikakimbilia kile kipimo chake cha sukari: 3.1. Alikuwa amejidunga sindano asubuhi kama kawaida, ila hakuwa ameweka chochote mdomoni tangu jana yake, na hakuna aliyejua kwa sababu kila aliyemuuliza aliambiwa sijambo.

Chai yenye sukari nyingi ilimrudisha. Alipopata nguvu akaulizia kwanza kama dada yake ameshazikwa, kisha kama friji imepona.

Siku hizi simwulizi hali. Namuuliza amekula nini, na saa ngapi. Hukasirika, anasema namfanya mtoto. Halafu ananitajia.