Barua kutoka Pfalz: Penye Shada la Matawi Ndipo pa Kula

Neustadt an der Weinstraße, Ujerumani



Pfalz ni mkoa wa mvinyo ulioko kusini-magharibi mwa Ujerumani, kati ya mto Rhine na vilima vya msitu viitwavyo Haardt, na miongoni mwa mikoa 13 ya mvinyo inayotambuliwa na sheria za nchi hiyo ndio wa pili kwa ukubwa, ukiwa na mashamba ya mizabibu yanayozidi hekta 23,000. Vilima hivyo hukinga sehemu kubwa ya mvua itokayo magharibi, hivyo upande wa mashariki, ambako vijiji vimepangana kama shanga katika uzi, jua huwaka muda mrefu kiasi kwamba mitini na milozi hustawi katika nchi ambayo wengi Afrika Mashariki huifikiria kuwa ya baridi na theluji tu. Kati ya vijiji hivyo hupita Deutsche Weinstraße, yaani Barabara ya Mvinyo ya Ujerumani, iliyofunguliwa mwaka 1935, nayo ina urefu wa kilomita 85 hivi, kuanzia Bockenheim upande wa kaskazini hadi Schweigen kwenye mpaka wa Ufaransa.

Mtu anayekwenda huko kwa siku mbili, Jumamosi na Jumapili, hukuta vibao vingi kuliko muda alio nao. Kuna migahawa ya hoteli yenye vitambaa vyeupe mezani. Kuna Vinothek, yaani duka la mkulima lenye meza ya kuonjea. Kuna ukumbi wa chama cha ushirika, ambamo huuzwa mvinyo wa zabibu zilizokusanywa kutoka kwa wakulima wengi. Na kuna Straußwirtschaft, nyumba ya kula na kunywa inayofunguliwa na mkulima mwenyewe katika ua wake. Mgeni wa mara ya kwanza huvutwa na hoteli, kwa sababu jina lake linafahamika na orodha ya vyakula imebandikwa nje. Barua hii inashikilia kwamba mwenye siku mbili tu aanze na Straußwirtschaft, na hayo mengine yafuate kama muda utaruhusu.

Neno Strauß humaanisha shada la maua au la matawi, na jina hilo limetokana na desturi ya mkulima kutundika shada langoni siku anapokuwa tayari kupokea watu. Katika mkoa wa Württemberg, ambao uko mashariki zaidi, hutundikwa ufagio, na nyumba za namna hiyo huitwa kwa jina la ufagio huo, Besenwirtschaft. Shada likiwepo, mlango uko wazi. Likiondolewa, familia imerudi shambani na hakuna haja ya kubisha hodi. Sheria inampa mkulima ruhusa ya kufungua bila leseni ya mgahawa, mradi auze mvinyo aliouzalisha mwenyewe, awe na viti visivyozidi 40, chakula kiwe cha kawaida na chepesi kuandaa, na asifungue zaidi ya miezi minne kwa mwaka, ambayo anaweza kuigawa katika vipindi viwili. Austria nayo ina desturi inayofanana, iliyopata nguvu ya sheria mwaka 1784, pale Kaisari Joseph II alipowaruhusu wakulima kuuza mvinyo wao wenyewe majumbani mwao.

Mipaka hiyo ya sheria ndiyo iliyozihifadhi nyumba hizi. Kwa kuwa viti ni vichache, mwenye nyumba hawezi kupokea mabasi ya watalii. Kwa kuwa mvinyo lazima uwe wake, hawezi kujaza pengo la mavuno mabaya kwa chupa za dukani. Na kwa kuwa miezi ni minne tu, haajiri jeshi la wapishi, bali mama mkwe husimama jikoni, binti hubeba sinia, na anayemimina ni yule yule aliyepogoa mizabibu wakati wa baridi. Mgeni akiuliza kwa nini mvinyo wa mwaka huu ni mkali kuliko wa mwaka jana, hujibiwa na mtu aliyekuwa shambani mvua iliponyesha au ilipokosekana. Jibu la namna hiyo halipatikani katika orodha iliyochapwa vizuri ya hoteli.

Ndani ya ua hakuna meza ya mtu binafsi. Meza ni ndefu, mabenchi ni ya mbao, na anayeingia huuliza kama pana nafasi, kisha hukaa bega kwa bega na watu asiowajua, jambo ambalo huwashangaza wale waliokwisha kuamini kwamba Wajerumani hawapendi kusogeleana. Mvinyo huletwa katika Dubbeglas, bilauri nene ya nusu lita, pana juu na nyembamba chini, iliyotiwa vishimo vya duara kuizunguka ambamo ncha za vidole hutua sawasawa. Inasimuliwa kwamba vishimo hivyo vilibuniwa kwa ajili ya wachinjaji wa nyama, ambao mikono yao ilikuwa na mafuta na bilauri laini ziliwaponyoka. Kipimo hicho cha nusu lita huko huitwa Schoppen, ilhali katika sehemu nyingine za Ujerumani neno hilo hilo ni robo lita, na mgeni asiyeijua tofauti hiyo huagiza mara mbili ya alichokusudia. Mara nyingi kilichomo ni Schorle, yaani mvinyo uliochanganywa na maji yenye gesi, na bilauri moja huweza kuzunguka meza nzima, kila mmoja akinywa na kumpitishia jirani. Aliyekulia Kilimanjaro, akaona kata ya mbege ikipita mkono kwa mkono, hahitaji kufundishwa adabu ya meza hiyo.

Chakula kinahitaji maelezo marefu zaidi, hasa kwa Mwislamu na kwa yeyote asiyekula nguruwe, maana nyama hiyo, ambayo mitaa ya Tanzania huiita kitimoto, imeenea katika mapishi ya Pfalz. Chakula kinachotajwa kwanza ni Saumagen, tumbo la nguruwe lililojazwa nyama, viazi na viungo, likachemshwa, likakatwa vipande vinene na mara nyingi vikakaangwa mpaka vikawa na rangi ya kahawia pembeni. Helmut Kohl, aliyekuwa kansela wa Ujerumani na mzaliwa wa Ludwigshafen iliyo jirani, alikipenda kiasi cha kuwaandalia viongozi wa mataifa katika mji mdogo wa Deidesheim, akiwemo Waziri Mkuu wa Uingereza, Margaret Thatcher, mwaka 1989. Kwenye sahani moja na Saumagen huwekwa soseji ya kuchoma, donge la maini na kabichi iliyochachushwa, na sahani hiyo hushibisha watu wawili. Hata vyakula vinavyoonekana havina nyama vinahitaji kuulizwa: Flammkuchen, ambao ni mkate mwembamba kama chapati uliopakwa malai na kutandazwa vitunguu kisha ukaokwa kwa moto mkali, hunyunyiziwa vipande vidogo vya nguruwe vya moshi viitwavyo Speck, na mkate wa vitunguu uitwao Zwiebelkuchen hufanywa hivyo hivyo mara nyingi. Maneno mawili, „ohne Speck“, yaani bila nyama hiyo, yanatosha kumweleza mpishi, na kwa kuwa mpishi yuko hatua chache tu kutoka mezani, ombi hilo hupokelewa bila kinyongo.

Hata hivyo jiko la Pfalz lina vyakula viwili vinavyomfaa karibu kila mgeni kutoka Afrika Mashariki, na ni ajabu kwamba vitabu vya watalii huvipita haraka. Cha kwanza ni jibini nyeupe laini, inayokaribia mtindi mzito, iliyochanganywa na vitunguu na majani mabichi yaliyokatwakatwa, ikaliwa na viazi vilivyochemshwa na maganda yake. Cha pili ni Dampfnudel. Huu ni unga wa ngano uliotiwa hamira na kuumuka kama wa maandazi, ukafanywa madonge makubwa kiasi cha ngumi, lakini badala ya kuzamishwa katika mafuta, madonge hupangwa katika sufuria yenye mafuta kidogo na maji ya chumvi, kisha hufunikwa. Maji yanapokauka, upande wa juu hubaki mweupe na laini kama pamba, na upande wa chini hufanya ukoko wa kahawia wenye chumvi, ambao kila mtoto mezani huugombania. Huliwa na supu ya viazi, au na rojo tamu la mvinyo au la vanila, na anayeuma ukoko huo wa chumvi pamoja na rojo tamu hupata ladha ambayo mwandishi wa barua hii anaiweka juu ya Saumagen bila kusita.

Kuonja ni jambo la Jumamosi asubuhi, kwa sababu wakulima wengi hufunga duka mchana, na Jumapili wengine hawafungui kabisa. Desturi ni kupiga simu siku chache kabla, kufika kwa saa iliyopangwa, na kuondoka na chupa mbili au tatu, kwa kuwa mkulima ambaye hakutoza ada ya kuonja ametoa muda wake kwa matumaini hayo. Huonjwa mvinyo mweupe kwanza na mwekundu baadaye, mkavu kabla ya mtamu, na mezani huwekwa mkate, maji na chombo cha kutemea, ambacho si aibu kukitumia. Zabibu inayoongoza ni Riesling, ambayo mvinyo wake una uchachu safi unaokumbusha ndimu na embe changa. Katika kijiji cha Forst shamba moja huitwa Pechstein kwa sababu ya mawe yake meusi yaliyotokana na volkano, na umbali wa kutoka hapo hadi Deidesheim au Wachenheim unatembeleka kwa miguu kati ya mizabibu.

Lebo za chupa huwachanganya wengi, na kosa la kawaida ni kudhani kwamba maneno Kabinett na Spätlese hutaja utamu. Kwa mujibu wa sheria ya mwaka 1971 maneno hayo hueleza kiwango cha sukari kilichokuwa katika maji ya zabibu kabla ya kuchacha, hivyo Spätlese inaweza kuwa tamu au kavu kabisa. Neno la kutafuta ni trocken, ambalo ni kavu na kwa kawaida humaanisha sukari isiyozidi gramu 9 kwa lita, au lieblich, ambalo ni tamu. Aliyezoea mvinyo mtamu wa nyumbani asione haya kuomba lieblich.

Asiyekunywa hana sababu ya kubaki nyumbani. Wakulima wengi hukamua zabibu zao na kuuza juisi isiyochachushwa, iitwayo Traubensaft, ambayo huchanganywa na maji ya gesi na kunywewa katika bilauri ile ile, na sheria ya Ujerumani inawataka wanaouza vileo wawe na angalau kinywaji kimoja kisicho na kileo ambacho bei yake haizidi ile ya kileo cha bei ya chini kabisa. Dereva naye anabanwa na kikomo cha gramu 0.5 za kileo kwa kila kilo ya damu, na mwenye leseni mpya au umri chini ya miaka 21 haruhusiwi hata tone. Kwa kuwa treni ya kutoka Neustadt kwenda Bad Dürkheim husimama Deidesheim na Wachenheim, kwenda na gari ni kujitwika mzigo usio wa lazima.

Majira bora ni Septemba na Oktoba. Wakati huo huuzwa Federweißer, mvinyo ambao bado unachacha, wenye rangi ya mawingu na utamu unaopungua kila siku. Chupa yake haifungwi kwa kubana, kwa sababu gesi lazima itoke, na anayeilaza ndani ya mfuko wake hufika nyumbani na nguo zilizolowa. Bad Dürkheim huwa na Wurstmarkt, sherehe ya mvinyo yenye historia ya karne nyingi, ambayo umati wake ni mkubwa mno kwa mtu anayetaka kuonja kwa utulivu. Kuliko sherehe hiyo, Jumapili ya mwisho ya Agosti hufaa zaidi, kwani siku hiyo magari huzuiwa katika Barabara ya Mvinyo, ikabaki ya watembea kwa miguu na waendesha baiskeli.

Haya yote yanaelekea Dodoma kwa njia moja. Huko mizabibu huvunwa mara mbili kwa mwaka, jambo ambalo mkulima wa Pfalz husikia kwa mshangao, na bado kilio cha wakulima wa Hombolo na vijiji vingine kuhusu soko la zabibu zao kimesikika mara nyingi, kwa kuwa mwenye zabibu humtegemea mwenye kiwanda. Shada la matawi langoni limewapa wakulima wadogo wa Pfalz mlango wa pili wa kuuzia, na unafaa kuangaliwa kwa makini na wale wanaotunga kanuni nyumbani. Kwa hiyo mkulima wa Dodoma atakayejaliwa kufika huku kwa mafunzo, kwa ziara ya kanisa au kwa kumtembelea mwanawe, achukue fedha taslimu, ashuke Deidesheim, atafute lango lenye shada, na baada ya kula amwombe mwenye nyumba amwonyeshe shinikizo la zabibu na mapipa yaliyo chini ya nyumba yake.