Kutoka Gakoromone hadi Korongo la Ol Njorowa

Kwenye safu ya viatu vya mitumba sokoni Gakoromone, mjini Meru, yuko muuzaji ambaye wateja humuuliza habari za njia kabla ya kuuliza bei. Mwaka 2011 ndiye aliyewakusanya rafiki zake, muuza ndizi, fundi cherehani na dereva wa matatu, wakafunga safari ya Hifadhi ya Taifa ya Hell's Gate, Naivasha. Wakati huo, kutembea kwa raha kulionekana ni shughuli ya wazungu wanaopanda Mlima Kenya kupitia Chogoria.

Lango la kuingilia hifadhi hiyo liliwafurahisha. Linaitwa Elsa, jina la simba jike aliyelelewa na Joy Adamson, naye Elsa amezikwa kwao, katika Hifadhi ya Meru, tangu 1961. Muuza ndizi aliwasimulia wote waliokuwa langoni. Wakakodi baiskeli, wakapita mwamba wa Fischer's Tower na pundamilia waliokuwa wakila majani kando ya njia, hadi ukingo wa korongo la Ol Njorowa.

Kule chini mwanga hupungua. Korongo lilichimbwa na maji yaliyofurika kutoka Ziwa Naivasha la kale, lililokuwa kubwa kuliko la leo, na kuna mahali kuta zinabanana hata mtu akinyoosha mikono anagusa huku na huku. Maji ya moto huchuruzika kwenye nyufa za mwamba. Ni joto lile lile la ardhini linalozalisha umeme Olkaria tangu 1981. Fundi cherehani aliweka kiganja akakitoa mbio. Wakavua viatu, wakala ndizi walizotoka nazo Meru, wakakaa humo hadi jioni. Mawingu ya mbali hakuna aliyeyatazama.

Aprili 2012, vijana saba wa kundi la kanisa walisombwa na mafuriko humo humo. Tarehe 1 Septemba 2019 wakafa watu saba wengine, mwongozaji akiwemo, na korongo likafungwa. Habari hiyo ilipofika Gakoromone, muuza viatu alifunga kibanda mapema. Njia ile ameitembea, na anajua kwamba penye kuta ndefu hakuna pa kupandia.

Dereva ndiye aliyelieleza jambo hilo likaeleweka kwa wote. Kwao Tharaka, mto Kathita hufurika jua likiwaka, kwa sababu mvua imenyesha juu mlimani. Ol Njorowa nayo hupokea maji ya mvua iliyonyesha kwingine, nayo hufika kwa ghafla.

Tangu hapo kundi hilo limebadilika. Sasa hawatoki Meru bila kuwapigia simu waongozaji wa Naivasha kuuliza kama korongo limefunguliwa na mvua imenyesha wapi. Wakisikia imenyesha nyanda za juu, wanabaki kwenye baiskeli. Vijana wanaokuja kununua viatu vya safari huambiwa hayo hayo kabla hawajalipa. Nawe ukipanga kwenda, piga simu hiyo kwanza, na ukiambiwa korongo limefungwa, usimtafute mtu wa kukupitisha kwa mlango wa nyuma.