Mwomba Chumvi Huombea Chungu Chake

Watunzi wa tenzi wa pwani walikuwa na ada ya kuanza kwa kuomba. Humwomba Mungu kwanza, kisha huagiza waletewe wino na karatasi. Mwana Kupona, alipomuusia binti yake mwaka 1858, alimwita mwanawe naye aje na wino na karatasi. Hapakuwa na aibu katika ombi hilo, kwani anayeagiza wino huwa tayari ana la kuandika.

Ada hiyo inafaa kukumbukwa na atakaye kuielewa kazi moja ya mbali na pwani, ifanyikayo juu ya kilima cha Bugando mjini Mwanza: kazi ya daktari aombaye fedha za utafiti. Hospitali ya Bugando ilifunguliwa mwaka 1971, na hupokea wagonjwa wa rufaa kutoka Kanda yote ya Ziwa. Kila mgonjwa apandaye kilima kile hupanda na swali. Kwa nini huyu kapona, na mwenzake aliyepewa dawa ile ile hakupona? Kwa nini maradhi haya huwaandama zaidi wa mwaloni kuliko wa mjini? Swali halina bei. Jawabu ndilo lenye gharama: nauli ya wasaili, vipimo vya maabara, umeme wa jokofu, ujira wa karani wa takwimu.

Basi daktari, akishamaliza zamu yake, huketi usiku kuandika kile kinachoitwa andiko la utafiti. Huliandika kwa Kiingereza, hata kama swali lenyewe alilisikia kwa Kiswahili au Kisukuma. Hueleza atauliza nini, atawauliza akina nani na wangapi, kwa muda gani, kwa shilingi ngapi. Huomba kibali cha maadili, na fomu ya ridhaa huifasiri kwa lugha ambayo mama wa kijijini ataielewa kabla ya kuweka dole gumba lake. Kisha hungoja miezi, na mara nyingi hujibiwa kwamba maombi yalikuwa mengi.

Lakini kukataliwa si dhiki kubwa kuliko zote. Tangazo la mfadhili aghalabu huja na mada yake: mwaka huu ugonjwa fulani, mwaka ujao mwingine. Mwombaji mwenye njaa hujifunza kulipinda swali lake mpaka lifanane na tangazo. Wahenga walisema, mwomba chumvi huombea chungu chake. Huyu huweza kupewa chumvi tele, akaitia katika chungu cha jirani.

Si kila ombi lililopita Mwanza liliishia hivyo. Kati ya mwaka 1991 na 1994, watafiti wa Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, AMREF na chuo cha afya na magonjwa ya tropiki cha London waliuliza swali la zahanati: je, magonjwa ya zinaa yakitibiwa vema pale pale kijijini, maambukizi ya VVU yatapungua? Jumuiya ya Ulaya ilikuwa miongoni mwa wafadhili. Jamii 12 za mkoa wa Mwanza zilichaguliwa. Katika 6, waganga walifunzwa upya, dawa zikafikishwa na kazi ikakaguliwa. Jawabu lilitoka katika jarida la The Lancet mwaka 1995: katika miaka miwili, maambukizi mapya yalikuwa pungufu kwa kiasi cha asilimia 40 katika jamii zilizohudumiwa. Ulimwengu ukaitazama zahanati ya udongo kwa jicho jipya.

Baadaye, huko Rakai, ng'ambo ya ziwa hilo hilo, watafiti waliwapa dawa watu wote kwa vipindi, na mwaka 1999 wakatangaza kuwa VVU havikupungua. Wataalamu walijadiliana sana. Wengi waliona kuwa njia zilitofautiana, na kwamba Rakai janga lilikuwa limekwisha komaa. Jawabu la ufuko mmoja halikuutosha ufuko wa pili.

Mfano mwingine unawagusa wasomaji wa visiwani kwa namna yake. Ilipothibitika kuwa tohara humpunguzia mwanamume hatari ya kuambukizwa VVU, vijiji vingi vya Mwanza vilisitasita. Watafiti wa Bugando na wenzao wa Marekani walikaa na waumini makanisani kuwasikiliza, wakagundua kuwa wengi waliiona tohara kuwa ni jambo la Waislamu. Swali likazaliwa hapo: je, wachungaji wakielimishwa? Fedha zikaombwa, zikapatikana Marekani, na vijiji 16 vikahusishwa. Mwaka 2017 ilichapishwa kwamba pale viongozi wa dini walipofunzwa, wanaume waliotahiriwa walikuwa asilimia 52.8, kwingineko, asilimia 29.5. Swali hilo lisingeweza kubuniwa Washington. Lilitaka mtu wa kukaa kwenye benchi la kanisa na kusikiliza.

Ila chumvi ya ugenini ina mwenyewe. Tarehe 1 Mei 2025 Taasisi za Taifa za Afya za Marekani zilitangaza kusitisha mtindo wa chuo cha Marekani kupokea ruzuku na kuimegea taasisi ya nchi nyingine, njia ambayo watafiti wengi wa Afrika waliitegemea. Miezi miwili baadaye, shirika la misaada la USAID likafungwa rasmi. Uamuzi ulipitishwa mbali, na walioulizwa hawakuwa wagonjwa.

Je, nyumbani hakuna kitu? Mwaka 2008 mawaziri waliokutana Bamako walihimiza kwamba angalau asilimia 2 ya bajeti za wizara za afya itengewe utafiti. Huenda ikaonekana haba mbele ya mabilioni ya wafadhili. Lakini swali la kwanza halihitaji mabilioni. Mwaka 1961 Denis Burkitt, daktari wa upasuaji wa Mulago, Kampala, aliondoka na wenzake wawili kwa gari kuukuu, wakazuru hospitali 57 katika wiki kumi, kuuliza tu ni wapi uvimbe fulani wa taya za watoto ulionekana na ni wapi haukuonekana. Safari nzima haikufika pauni 700. Kutokana na uvimbe huo, mwaka 1964, kilitambuliwa kirusi cha kwanza kuhusishwa na saratani ya binadamu.

Wafadhili wa nje wataendelea kuombwa, wala hapana ubaya. Lililo wajibu wa nyumbani ni chungu: fedha ndogo, za uhakika, za kumwezesha daktari wa Bugando kulifuatilia swali lake kabla tangazo la mtu halijamfikia. Akishakuwa nalo mkononi, lina takwimu zake za mwanzo na watu wake waliosikilizwa, hata akienda kuomba ataomba kama mtunzi aagizaye wino.